Akikusifu, Angalia Mrija

Kitu cha kwanza kutugombanisha mimi na yule mzee kilikuwa chumvi.

Kampuni yetu ya kuangalia wazee majumbani ilinituma kwake asubuhi moja ya baridi, kwenye nyumba ya matofali mekundu nyuma ya karakana za Hockley. Niliambiwa mapafu yake yana makovu, kwamba hutumia oksijeni akipanda ngazi, akioga na akilala, kwamba mkewe alishafariki, na kwamba binti yake wa pekee anakaa mtaa wa pili na ana duka lake la dawa. Halafu, kwa sauti ya chini, nikaambiwa waangalizi watatu kabla yangu walikuwa wameomba kuhamishwa. Nikasema nipeni huyo. Mimi ni mtoto wa Voi, nimelelewa na nyanya aliyekuwa anatukana hata mbuzi, mzee wa Birmingham atanifanya nini?

Basi nikaingia jikoni kumkaangia mayai. Nikakuta chumvi iko upande wa kushoto wa jiko, kwenye mkebe wa pembe nne, na sukari iko kulia kabisa, kwenye mkebe wa mviringo. Kitufe kimoja cha jiko kimezungushiwa uzi mnene, kingine kimevishwa kipande cha mpira. Nikajisemea, huyu mzee ameishi peke yake mpaka jiko nalo limechanganyikiwa. Nikapanga vitu kiustaarabu: chumvi, sukari na majani ya chai, vyote pamoja kwenye rafu moja.

"Wewe mama! Nani amekuambia uhamishe chumvi?"

Kwa Kiswahili! Nusura niangushe kikaango. Nilipogeuka nikamwona mlangoni: Kalasinga mrefu, ndevu nyeupe mpaka kifuani, kilemba cha rangi ya machungwa kimefungwa kikakaa sawasawa, mrija wa oksijeni puani, na macho ya mtu anayetafuta vita.

"Mzee, kumbe unajua Kiswahili?"

"Mimi mtu wa Kisumu. Rudisha chumvi."

"Mbona imekaa vizuri pale?"

"Imekaa vizuri kwako. Hii jikoni ni ya nani?"

Nikairudisha, lakini niliirudisha kwa kishindo ili ajue na mimi nina kwetu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, na kwa karibu miaka miwili hatukuibadilisha sana. Tuligombania madirisha, soksi, redio, namna ya kukunja blanketi. Ugomvi mkubwa ulikuwa chai. Yeye anashikilia kwamba majani yaingie maziwa yakishachemka, mimi kwetu tunaweka kila kitu kwa pamoja, maziwa, maji, majani na tangawizi, halafu moto ufanye kazi yake. Kila asubuhi anaonja, anakunja uso. "Chai gani hii? Umeosha sufuria ukanipa maji yake?" Nami namwambia, "Kunywa, Mzee, hayo maji ya sufuria ndiyo yamekuweka hai." Anakunywa mpaka tone la mwisho, halafu anasukuma kikombe kama mtu aliyedhulumiwa.

Nisidanganye, niliipenda ile kazi. Kuna wazee wanaokuita mpenzi na malaika, ukigeuka hawajui jina lako. Huyu hakuniita malaika, lakini nikichelewa basi namkuta amesimama dirishani. Jioni nikirudi kwangu Tyseley nilikuwa nacheka peke yangu kwenye basi mpaka jirani anasogea. Na Jumapili, pale Digbeth, kwenye ghala la zamani tunalosalia, ibada ikiisha wenzangu manesi walikuwa wananizunguka. "Kalasinga wako amesema nini wiki hii?" Nami natoa taarifa, na watu wanashika mbavu.

Sasa, siku moja ya mvua alitoka kuoga, akashuka ngazi polepole, akakaa kwenye kiti chake. Nikampelekea chai. Akanywa funda moja, akafumba macho.

"Mama," akasema, "hii chai ni tamu sana."

Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mama mwingine ameingia.

"Umefanya kazi nzuri katika nyumba hii. Una mikono ya baraka. Hata sauti yako ukiimba jikoni, nasikia raha."

Sauti yangu! Mimi ambaye kwaya ya kanisa walinipa kazi ya kugawa vitabu ili nisiimbe! Lo, nilifurahi. Karibu miaka miwili ya maji ya sufuria, na leo mikono ya baraka. Nilivuta kiti nikakaa kabisa, nisikie vizuri. Nikamwuliza, "Na mayai, Mzee?"

"Mayai pia," akasema akitabasamu, na sikuwa nimewahi kuyaona meno yake yote. "Nani anaweza kupika mayai kama wewe?"

Nikawa tayari nawaza nitakavyoisimulia Jumapili. Akanyoosha mkono, akanipigapiga kiganja taratibu, kama unavyombembeleza mtoto. Ndipo nikaona kucha zake. Zilikuwa rangi ya wino.

Yesu wangu! Niliruka pale nilipo. Nikaufuata mrija: kutoka puani, begani, ukapita ukumbini, ukapanda ngazi kuelekea kwenye mashine, na hapo juu ukawa umebanwa na mlango wa bafu. Aliufunga mwenyewe akitoka, na ule mlango ni mzito. Nikaufungua kwa teke, nikashuka mbio, nikamkalisha wima, nikambana kidoleni kile kidude kinachosoma oksijeni ya damu, nikakodoa macho kwenye namba kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ikapanda. Ikapanda tena. Midomo ikarudi rangi yake. Mzee akatazama kikombe, akaonja, akakunja uso.

"Hii chai imepoa. Na hiyo tangawizi ni ya lini?"

Nililia. Halafu hasira zikanipanda, maana ndivyo nilivyo, nikiogopa nakasirika. "Mzee, usinisifu tena maishani mwako! Umenisikia? Usithubutu!"

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo, na alipopata pumzi akasema, "Basi umeijua sasa."

"Nimejua nini?"

"Dalili yangu."

Ndiyo siku aliyonisimulia habari za tangi. Alipokuja Uingereza akiwa kijana, alipata kazi kusini, kwenye maabara iliyokuwa inachunguza miili ya marubani. Walikuwa wanatafuta kujua mtu anaweza kwenda juu kiasi gani kabla akili haijamtoka, barakoa ikae vipi usoni, swichi iwekwe wapi. Yeye alikuwa fundi wa pampu. Kulikuwa na tangi la chuma kubwa kama chumba cha kulala, lenye vidirisha vya kioo kinene. Watu wanaingia, mlango unafungwa, pampu zinanyonya hewa mpaka mle ndani panakuwa kama juu angani, na kumbe hakuna aliyeondoka ardhini hata inchi moja. Walitaka watu wa kujitolea. Akajitolea.

"Kwa nini sasa, Mzee? Hukuogopa?"

"Nilikuwa narekebisha hiyo kitu kila siku. Nilitaka kujua inafanya nini."

Kwanza walimkataa kwa sababu ya ndevu. Barakoa haikai, hewa inapenya pembeni. Wakamwambia anyoe. Akawaambia, kateni shingo kwanza, halafu mtanyoa vizuri mkiwa mmekishika kichwa mkononi. Mkubwa wao akaenda akafikiri, akarudi akasema huyu ndiye wanayemtaka hasa, kwa kuwa barakoa itakayokaa kwenye ndevu hizi itakaa kwa mtu yeyote. Mzee alipofika hapo alizichezea zile ndevu kwa maringo, nikajua nimeelewa asili ya kiburi chake.

Mle tangini, akanieleza, mnakuwa wawili. Mmoja anavua barakoa, mwingine anabaki na yake na kumwangalia mwenzake. Aliyevua anapewa kazi ya kitoto: andika jina lako tena na tena, panga karata, hesabu kurudi nyuma. Unaona unafanya vizuri ajabu. Ukitoka wanakuonyesha karatasi yako, na unakuta jina limeandikwa mara moja, yaliyobaki ni kama kuku amepita na tope.

"Hapo ndipo shida iko, mama. Ukikosa chakula, unasikia njaa. Ukikosa maji, unasikia kiu. Ukikosa oksijeni, unasikia uko sawa. Unasikia uko sawa kuliko siku zote."

Ila kila mtu alikuwa na dalili yake, na kila akipanda ilijirudia ile ile. Mmoja vidole vilimwasha. Mwingine alicheka ovyo. Mwingine, mtu mpole asiyeua nzi, alitaka ngumi.

"Na wewe?"

Akatazama pembeni. "Mimi nilikuwa napenda watu."

Ati anapenda watu! Kumbe mkubwa wa maabara, mtu aliyechukiwa na kila mfanyakazi, aliwahi kuambiwa na huyu mzee, kupitia kidirisha, kwamba ana masikio mazuri sana. Wenzake wakawa wanaacha chai yao ya saa nne na kuja kusikiliza leo atasifiwa nani. Na akirudishiwa barakoa, akaniambia, kitu cha kwanza kurudi ni rangi. Ukuta unakuwa kijani tena, mkono unakuwa mkono. Wakati zinaondoka hukujua kama zimeondoka.

Kwa hiyo walijifunza kwamba mtu aliyepungukiwa na hewa haulizwi kama yuko sawa. Atakuambia yuko sawa, na anaamini. Dawa ni kumwekea koki ya oksijeni pale mkono unapopajua, tena koki yenye umbo lake, aweze kuipapasa hata akiwa na glavu, hata akili ikibaki nusu. Akaelekeza kidole jikoni. Mkebe wa pembe nne kushoto, wa mviringo kulia, uzi kwenye kitufe cha moto mkubwa, mpira kwenye kile cha mdogo. "Siku akili yangu ikienda, mkono unakumbuka. Halafu wewe ukaja ukahamisha chumvi."

Sikuigusa tena ile chumvi.

Sasa nije kwenye safari, maana hiyo ndiyo iliyotukosesha usingizi. Mzee alikuwa na dada yake Kisumu. Wengine wote wa familia walihama zamani, huku na huku, yeye akakataa. Alikuwa amemlea huyu mzee tangu mama yao alipofariki, alimvisha, alimpeleka shule, alimfunga kilemba chake cha kwanza. Kila Jumapili alasiri walikuwa wanapigiana simu na kutukanana, nusu Kipunjabi, nusu Kiswahili, na nilipokuwa zamu ya Jumapili nilisikia kila kitu kwa sababu wote wawili hawasikii vizuri na simu iliwekwa sauti ya juu. Siku moja sauti ya dada ilikuwa nyembamba kuliko kawaida. Akasema, "Kuja kabla sijafa, nikutukane uso kwa uso. Hii simu hainitoshi."

Mzee alikata simu. Halafu akasema, "Nitaenda."

Binti yake aliposikia, moto uliwaka. Huyu binti alizaliwa Birmingham. Wazazi wake walikuwa wanatumia Kiswahili walipotaka asielewe mambo, kwa hiyo akakijua chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Ni mama wa makamo, mwembamba, anayetembea haraka. Yeye ndiye aliyekuwa anamletea baba yake dawa, anampikia dengu, anamkata kucha za miguu, anampeleka kliniki, na kila akifanya anaambiwa dengu hazina chumvi. Sasa akamwambia baba yake kwamba mapafu yale hayawezi ndege, na kwamba hakumtunza miaka yote hii aje afie angani. Mzee akamwambia afadhali angani kuliko kwenye kiti hiki. Nikawaacha waendelee, nikaenda kupasi mashati.

Daktari ndiye aliyekata shauri: kuna kipimo. Ndege ya abiria haibebi hewa ya chini ndani yake. Ukikaa mle ni kama umeketi juu ya mlima mrefu. Mwenye afya hatambui, lakini mapafu yenye makovu yanatambua. Hospitalini wangemvutisha hewa iliyopunguzwa oksijeni mpaka ilingane na ile ya kwenye ndege, wamwangalie. Akistahimili, asafiri. Oksijeni ya damu yake ikishuka kidogo, wajaribu kumwongezea oksijeni waone kama inatosha. Kama haitoshi, abaki. Mzee alicheka kwa dharau. "Kipimo changu mwenyewe! Wananiletea kipimo changu mwenyewe!"

Tulienda watatu. Chumba kilikuwa kidogo, na mpimaji alikuwa mama wa Kiingereza mwenye sauti ya upole, aliyemweleza Mzee kila hatua, na Mzee akimkatiza kila hatua. Akamvisha barakoa, akambana kidoleni kidude kama kile changu, akafungua mtungi wa ile hewa. Mimi na binti tukakaa ukutani tumeshikana mikono bila kujua nani aliyeanza. Mzee analalamika ndani ya barakoa: mpira unanuka, kiti ni kigumu, zamani walikuwa wanakupa angalau chakula cha mchana. Kila akilalamika, roho yangu inatulia. Namba ziko juu. Dakika zinapita, namba ziko juu bado. Mpimaji akatabasamu, akasema anaendelea vizuri sana. Binti akanibana mkono.

Halafu Mzee akanyoosha mkono wake, akaushika mkono wa mpimaji, akaupeleka shavuni kwake, pale barakoa inapokutana na ndevu.

"Inavuja," akasema. "Navuta hewa ya hapa chumbani."

"Papaji!" Binti aliruka kwenye kiti. "Si ungenyamaza tu!" Na hilo alilisema kwa Kiswahili, mara ya kwanza kumsikia.

Mimi mwenyewe nilitamani kumfinya. Mtu amefaulu mtihani, anainua mkono kumwambia mwalimu amekosea kusahihisha! Lakini Mzee alivua barakoa akamgeukia binti yake. Alikuwa mkali, ila si ule ukali wa kila siku.

"Nikidanganya hapa, itajulikana juu ya jangwa. Nitakuwa naambia kila mtu anapendeza, na nyinyi mtafurahi. Hapana. Wapime tena."

Mpimaji akamshukuru, akaleta kifaa kingine: bomba la kuuma mdomoni na kibanio cha pua, hewa isipenye popote. Akiwa na bomba mdomoni hawezi kusema. Hawezi kulalamika, hawezi kusifu. Nitajuaje? Nilisogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikamkazia macho. Akanikazia pia. Tulitazamana kama watoto wanaoshindana kutopepesa. Mwanzoni macho yake yalikuwa ya vita, kama siku ile ya chumvi, nami nikawa namwombea Mungu, Bwana, mwache hivyo hivyo, mwache na ubaya wake.

Kisha macho yakalegea. Akanyoosha mkono, akanipigapiga kiganja, taratibu.

"Basi!" nikasema, na nilipogeuka mpimaji naye alikuwa ameshaona namba inaanguka na mkono wake uko kwenye koki. Akaunganisha mrija wa oksijeni kwenye lile bomba la mdomoni, huku Mzee bado anavuta ile hewa ya ndege, akaongeza kidogo kidogo. Namba ilisimama pale ilipoangukia, mbaya, ikakaa muda, nikaona binti amefumba macho. Halafu ikaanza kupanda. Mzee akauondoa mkono wake juu ya wangu kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Alipotolewa bomba mdomoni alinitazama kuanzia kichwani.

"Hiyo leso yako," akasema. "Nyekundu na zambarau pamoja. Nani alikuuzia?"

Atasafiri, akasema mpimaji, ila kwa oksijeni, kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Nilimkumbatia yule mama wa watu mpaka miwani yake ikapinda.

Binti ndiye angeenda naye. Walipata mashine ndogo ya oksijeni ya kubeba begani, inayokubaliwa kwenye ndege, na Mzee akaizungushia swichi yake uzi mnene, ule ule wa jikoni, ili binti aipapase hata taa zikizimwa. Siku ya kuwafungia mizigo nilimvuta binti jikoni, mimi naosha vikombe, yeye anapangusa.

"Kuna kitu kimoja tu cha kukumbuka," nikamwambia. "Akitukana, lala usingizi. Akikusifu, angalia mrija."

Nilidhani atacheka. Akaendelea kupangusa kikombe kimoja hicho hicho kilichokauka zamani. Akasema polepole, kwa Kiingereza chake cha Birmingham, kwamba maisha yake yote hajawahi kusifiwa na baba yake hata mara moja. Si alipofaulu mitihani, si alipofungua duka, si alipomuuguza mama yake mpaka mwisho. Alikuwa ameacha kungoja. "Na sasa unaniambia nikisikia, niite daktari."

Nikampa kikombe kingine apanguse.

Wakaondoka. Siku ile ya safari sikuwa zamu. Nilishinda nyumbani Tyseley nikiosha vitu vilivyokuwa safi, treni zikiingia na kutoka karakana ya reli nyuma ya nyumba, nami kila baada ya muda nafuta mikono na kuangalia simu. Nilijua ndege imeshatua Nairobi. Nilijua kuna ndege nyingine ndogo ya Kisumu. Hakuna ujumbe. Nikaanza kuwakasirikia, maana nilishasema, nikiogopa nakasirika. Nikapika chai, nikaisahau motoni, ikamwagika jiko zima.

Simu ikalia nikiwa nimepiga magoti na kitambaa.

"Wewe mama!" Sauti ilijaa jikoni. "Dada yangu anaweka majani kabla maziwa hayajachemka. Kama wewe! Nimesafiri dunia nzima kukimbia hiyo chai, nimeikuta hapa!" Nyuma yake bibi mmoja alikuwa anamfokea kwa Kipunjabi, sauti nyembamba lakini haina breki, na katikati nikasikia neno la Kiswahili, "mjinga," lililotamkwa kwa mapenzi yote ya Kisumu. Nilikaa chini sakafuni, kwenye chai iliyomwagika, nikacheka huku machozi yananitoka. Nikamwambia asante, Mzee, kunywa, ndiyo itakuweka hai.

Kisha binti akachukua simu. Nikasikia mlango unafunguliwa na kelele zinabaki nyuma, ndege wa kwetu wanalia. Alikuwa ametoka nje.

"Tulikuwa juu ya jangwa," akaanza. Taa zilikuwa zimezimwa, watu wamelala. Baba yake alikuwa anatazama dirishani muda mrefu. Kisha akageuka akamwambia, kwa Kipunjabi, lugha anayoitumia kwa sala na kwa dada yake tu, kwamba amemtunza vizuri. Kwamba mama yake angejivunia. Kwamba yeye mwenyewe anajivunia, na amejivunia siku zote.

"Nikaruka," binti akasema. "Kama ulivyonifundisha. Nikapapasa uzi, swichi imewashwa. Nikaufuata mrija wote, haujabanwa popote. Nikambana kidole, namba nzuri. Sikuamini. Nikamwita mhudumu aniletee taa."

"Halafu?"

"Halafu akaninyooshea mikono yote miwili. Kucha juu. Akaishika hivyo chini ya taa, akangoja. Akaniambia, 'Angalia vizuri. Nataka uwe na hakika.'"

Nilisikia anavuta pumzi kule Kisumu, nami nikavuta yangu hapa.

"Zilikuwa rangi gani?" nikamwuliza.

"Waridi," akasema.

"Zote?"

"Zote kumi."